KURUDI CHUONI UKIWA MTU MZIMA, TENA UGENINI
Mambo ya kuandikwa kabla ya kufunga sanduku



Katika mikutano ya matawi, mashambani na viwandani, liko swali moja ambalo limekuwa likitujia mara kwa mara. Anayeuliza hasimami mbele ya watu. Hungoja mkutano uishe, akamvuta mjumbe kando, akasema kwa sauti ya chini: "Ndugu, mimi nina miaka arobaini na miwili. Nimesikia kuna chuo nchi ya jirani. Mtu kama mimi anaweza kurudi kusoma?" Huuliza kama mtu anayekiri kosa.

Tunajibu hapa mbele ya wote. Anaweza. Wala hakuna kosa la kukiri. Sisi tunaoandika haya tuliishia darasa la saba, na yale tuyajuayo juu ya sheria za kazi tumejifunza ukubwani, kwenye semina na kwenye kesi. Elimu haikuwekwa kwa ajili ya vijana peke yao.

Lakini tusidanganyane. Kumwambia mtu "nenda tu" bila kumweleza yaliyoko njiani ni kumtupa. Tumeona kwamba mfanyakazi mtu mzima hakwami sana kwa sababu ya umri. Hukwama kwa sababu ya yale aliyoyaacha nyuma bila maandishi: kazi yake, nyumba aliyopewa na kampuni, na miaka yake ya utumishi. Hayo hayalindwi kwa bahati ya mtu mmoja mmoja. Yanalindwa kwa mapatano kati ya chama na mwajiri. Ndiyo sababu tunayaeleza katika gazeti la chama.

YALIYOMPATA MWENZETU

Mwenzetu mmoja, fundi wa mashine za kukaushia majani katika kiwanda kimoja cha chai, alipata nafasi ya kozi ya miezi 9 katika chuo cha ufundi nchi ya jirani. Alikuwa na miaka 41, na alikuwa ametumikia kiwanda kile kwa miaka 17. Alikwenda kwa meneja, akamweleza. Meneja alifurahi, akamshika mkono, akasema: "Nenda ukasome, tutakungoja." Mwenzetu naye akaja tawini akatuambia mambo yamekwisha. Sisi tukampongeza, tukamchangia nauli. Hakuna aliyemuuliza: barua iko wapi?

Baada ya miezi miwili meneja yule alihamishwa. Meneja mpya alitazama jalada, hakuona ruhusa yoyote, akaandika kwamba mtu huyu ameacha kazi bila taarifa. Nyumba ya kambi ikatakiwa kwa ajili ya mfanyakazi mwingine. Mke na watoto wanne wakatolewa, wakalala jikoni kwa jirani mpaka ndugu zao walipokuja kuwachukua. Zahanati ya kampuni ikakataa kuwatibu, kwa kuwa jina la baba halimo tena katika orodha.

Mwenzetu aliporudi na cheti chake tulishughulika na shauri lile miezi 7. Mwisho wake alirudishwa kazini, kwa daraja lile lile, ila kama mfanyakazi mpya. Miaka 17 ya kuhesabia kiinua mgongo ilifutwa, akaanza na mwaka wa kwanza.

Mwajiri alikosa, na hilo tulilisema mezani. Lakini na sisi chama tulikosa. Tulikubali neno la mdomo mahali palipohitaji karatasi. Neno la meneja huondoka na meneja. Karatasi hubaki jaladani.

KUSOMA UKUBWANI SI JAMBO GENI KWETU

Wapo wanaosema mambo haya ni ya wasomi. Historia ya vyama vya wafanyakazi inaonyesha kinyume.

Mwaka 1899 kilifunguliwa huko Oxford, Uingereza, chuo cha Ruskin. Kiliwekwa kwa ajili ya wafanyakazi watu wazima ambao hawakupata nafasi ya kusoma utotoni: wachimba makaa, watu wa reli, watu wa viwanda. Wengi walilipiwa na vyama vyao. Mwaka 1955 alifika pale kijana kutoka Kenya, Tom Mboya, ambaye alikuwa amefanya kazi ya ukaguzi wa afya katika Halmashauri ya Jiji la Nairobi kabla ya kushika uongozi wa vyama. Alisoma mpaka 1956, akarudi Kenya kuendelea na kazi ya wafanyakazi.

Mwaka 1958 Shirikisho la Kimataifa la Vyama Huru vya Wafanyakazi, I.C.F.T.U., lilifungua chuo cha kazi hapa Kampala. Viongozi wa matawi kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikuja kusoma, wakalala bweni moja, wakala sahani moja. Kwa wengi wao Uganda ilikuwa ugenini, kama vile Dar es Salaam au Nairobi ilivyo ugenini kwetu leo. Chuo hicho kilifungwa kabla ya mwaka 1970, lakini waliopita pale waliongoza vyama kwa miaka mingi.

Mwaka 1961 Tanganyika ilifungua chuo cha Kivukoni, Dar es Salaam, kwa kufuata mfano wa Ruskin. Leo mahali pale ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, jina kilichopewa mwaka 2005. Na mwaka 1970 Tanzania iliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee walikaa kwenye madawati ya wajukuu wao na hakuna aliyewacheka.

Kwa yule anayesema miaka 42 ni mingi, tunamkumbusha Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge wa Kenya. Mwaka 2004, ada ya shule za msingi ilipokuwa imeondolewa, alijiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84. Mwaka uliofuata alisafiri mpaka New York, Makao Makuu ya Umoja wa Mataifa, kueleza haki ya watu wote kupata elimu. Alifariki mwaka 2009 akiwa bado anajiita mwanafunzi.

LIKIZO YA MASOMO YENYE MALIPO

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Mfanyakazi mwenye familia hawezi kusoma bila kupata vitu viwili: wakati na ulinzi wa kazi yake. Vyote viwili vimetajwa katika Mkataba Na. 140 wa Shirika la Kazi Duniani, I.L.O., uliopitishwa Geneva mwaka 1974. Mkataba huu unahusu likizo ya masomo yenye malipo. Tunaufupisha hivi:

Kwanza, unasema kila nchi iliyouridhia itengeneze mpango wa kuwapa wafanyakazi likizo ya masomo yenye malipo, hatua kwa hatua.

Pili, unataja masomo ya aina tatu: mafunzo ya kazi ya kiwango chochote, elimu ya jumla, ya jamii na ya uraia, na elimu ya vyama vya wafanyakazi. Kwa hiyo si masomo ya mashine tu.

Tatu, unakataza kumnyima mtu likizo hiyo kwa sababu ya rangi, jinsia, dini, mawazo ya siasa, taifa au asili yake.

Nne, na hili ndilo lingemwokoa mwenzetu, unasema muda wa likizo ya masomo uhesabiwe kama muda wa kazi katika haki zinazotokana na utumishi, kadiri ya sheria za nchi na mapatano ya pamoja.

Kenya iliuridhia mkataba huu mwaka 1979, na Tanzania mwaka 1983. Uganda haimo kati ya nchi zilizouridhia. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 4 ya kazi, yaani siku 21 kwa mwaka. Siku 21 zinatosha kwenda kuona wazazi, hazitoshi kozi ya miezi 9. Kwa hiyo mfanyakazi wa hapa asitegemee sheria peke yake. Ategemee mapatano ya pamoja, na mapatano hayaandikwi na mwajiri akiwa amekaa peke yake. Huandikwa na sisi tukiwa tumekaa upande wa pili wa meza.

MAMBO MATANO YA KUANDIKWA

Kila tawi likifika mezani kwa mapatano mapya lidai kifungu cha likizo ya masomo. Na mpaka kifungu hicho kipatikane, kila mfanyakazi anayekwenda chuoni asiondoke bila barua yenye mambo haya matano:

1. Tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi kazini. Barua itiwe sahihi na mwajiri na mfanyakazi, na nakala moja ibaki tawini.

2. Kazi ya kurudia. Iandikwe kwamba atarudi kwenye kazi ile ile, au nyingine ya daraja na mshahara usiopungua.

3. Miaka ya utumishi. Iandikwe kwamba utumishi wake haukukatika.

4. Nyumba na matibabu. Sisi tunaokaa kwenye nyumba za kambi tunajua kwamba kazi ikiyumba, paa nalo huyumba. Iandikwe kwamba familia itabaki katika nyumba na itaendelea kutibiwa zahanati ya kampuni mpaka mwanafunzi arudi.

5. Mshahara. Je, ni mshahara kamili, nusu, au hakuna? Kama kuna mshahara, akiba ya N.S.S.F. iendelee kukatwa na kupelekwa: asilimia 5 ya mfanyakazi na asilimia 10 ya mwajiri. Kama hakuna mshahara, mfanyakazi ajue mapema kwamba miezi hiyo haitaongeza kitu katika akiba yake.

Tahadhari moja. Mwajiri akilipa ada ya chuo, mara nyingi hutaka mfanyakazi aahidi kumtumikia miaka kadhaa baada ya kurudi. Ahadi hiyo si mbaya kwa yenyewe. Lakini soma vizuri: ni miaka mingapi, na ukiondoka mapema utadaiwa kiasi gani? Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Ilete tawini tuisome pamoja.

VYETI VYA ZAMANI

Kijana anayetoka shule ana vyeti vyake katika bahasha. Mtu mzima ana cheti kimoja kilicholiwa na mchwa, au kilichobaki katika nyumba aliyoikimbia wakati wa vita. Jina katika cheti cha shule ni tofauti na jina katika kitambulisho cha taifa, na kwenye N.S.S.F. liko la tatu. Mwaka wa kuzaliwa uliandikwa na karani kwa kukisia.

Mambo haya hutengenezeka, lakini huchukua miezi. Yaanze kabla ya kuomba chuo. Kwa cheti cha mtihani kilichopotea, nenda kwenye halmashauri ya mitihani ya nchi uliyosomea. Kwa Uganda ni UNEB. Kwa majina yanayopishana, pata hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, halafu ulizia njia ya kuyasawazisha yote yafuate kitambulisho cha taifa. Vyeti vya nchi moja huhitaji pia kulinganishwa na vya nchi nyingine. Tanzania, kwa mfano, NECTA ndiyo hulinganisha vyeti vya sekondari vilivyotoka nje.

Na yule ambaye hana cheti cha kutosha, je? Ziko njia mbili za kuulizia. Njia ya kwanza ni mtihani wa watu wazima. Vyuo vikuu vya Uganda hupokea mtu aliyetimiza miaka 25 anayefaulu mtihani maalumu wa kujiunga. Hapo umri ndio unaokufungulia mlango. Njia hii inawafaa pia wenzetu waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi, ambao kwao Uganda ndiyo ugenini, lakini kila mmoja aulize chuo kinadai cheti gani pamoja na mtihani. Njia ya pili ni kupimwa ujuzi wa kazini. Kwa Tanzania, VETA humpima fundi aliyejifunza kazini bila kukaa darasani, na akifaulu hupewa cheti. Fundi mwenye miaka 20 ya kuchomelea vyuma asirudishwe kujifunza kushika nyundo.

KUVUKA MPAKA

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Imeweka nafasi ya mwananchi wa nchi moja kusoma katika nchi nyingine ya Jumuiya kwa hati ya mwanafunzi. Mambo ya kukumbuka ni haya:

Kati ya Uganda, Kenya na Rwanda unaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Ukienda Tanzania chukua pasipoti. Na kwa masomo ya muda mrefu pasipoti inafaa kila mahali.

Muhuri unaogongewa mpakani ni wa mgeni. Si ruhusa ya kusoma. Ukifika, chukua barua ya chuo uende ofisi ya uhamiaji kuomba hati ya mwanafunzi, na iombe upya kabla haijaisha.

Hati ya mwanafunzi si kibali cha kazi. Usidhani utafanya kibarua cha jioni ulipe ada. Ukikamatwa unapoteza chuo na heshima pamoja.

Uliza ada kwa maandishi. Viko vyuo vinavyomhesabu mtu wa Jumuiya kama mwananchi na vingine humhesabu kama mgeni. Tofauti inaweza kuwa kubwa, na ni vibaya kuijua ukiwa umekwisha fika.

Ada ilipwe katika akaunti ya benki ya chuo chenyewe. Wako mawakala wanaozunguka mashambani wakiuza barua za chuo za uongo. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, leta barua hiyo tawini tuwasiliane na chuo.

Wachache wetu hupata nafasi za mbali zaidi. I.L.O. ina kituo chake cha mafunzo huko Turin, Italia, kilichoanzishwa miaka ya 1960, na viongozi wa vyama huenda huko kwa kozi fupi. Kuna pia mpango wa vyuo vikuu uitwao Global Labour University, ambao masomo yake ya kwanza yalianza Ujerumani mwaka 2004 kwa watu wa vyama vya wafanyakazi wenye digrii ya kwanza.

Kwa Ulaya, umri haumzuii mtu kuomba viza ya masomo, ila mtu mzima ana mambo yake ya kujua. Uingereza, tangu tarehe 1 Januari 2024, wanafunzi wengi kutoka nje hawaruhusiwi kufika na mke, mume au watoto. Kijana wa miaka 20 hapotezi kitu kwa sheria hiyo. Mama wa watoto watatu anapoteza. Ujerumani hutaka mwanafunzi aonyeshe fedha za kuishi, na njia ya kawaida ni akaunti ya benki ambayo huruhusiwa kutoa ila kidogo kila mwezi. Kiasi kilichowekwa tangu Septemba 2024 ni Yuro 11,904 kwa mwaka. Na bima ya matibabu ya serikali kwa bei nafuu ya wanafunzi hukoma mtu anapotimiza miaka 30. Mwenye miaka 45 hutafuta bima nyingine. Anayekupa nafasi ya masomo akisema "tutalipa kila kitu", muulize kwa barua: na bima je?

FEDHA YA NYUMBANI

Hesabu ya mwanafunzi kijana ni moja: ada na chakula chake. Hesabu ya mfanyakazi ni mbili, kwa sababu sufuria ya nyumbani haiendi likizo. Kaa na mwenzako wa nyumbani muandike kwenye karatasi: chakula, ada za watoto, madeni, michango ya misiba. Zidisha kwa miezi ya kozi. Kama jumla haipatikani, tafuta kozi fupi au ya kusomea nyumbani, kama zile za Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992.

Kwa wale wa Uganda waliofika miaka 45 na wamechangia N.S.S.F. miaka 10, sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inaruhusu kutoa mpaka asilimia 20 ya akiba. Wako waliofikiria kuilipia chuo. Hatuwazuii, lakini tunawaomba wafikiri mara mbili. Fedha hiyo ni ya uzee, na ikishatoka hairudi. Itumike kwa cheti ambacho kinaongeza daraja na mshahara, na ambacho mwajiri amekitambua kwa barua. Na kwa habari ya mikopo ya riba kubwa ya kushika kadi ya benki ya mfanyakazi, tunasema wazi: usiende chuoni kwa mkopo wa namna hiyo.

UKIFIKA DARASANI

Mama mmoja, mchumaji wa chai aliyepanda akawa karani wa mizani, alikwenda chuo huko Tanzania akiwa na miaka 46. Anasimulia kwamba siku ya kwanza mwalimu, kijana wa rika la mtoto wake wa kwanza, aliingia akamwamkia mbele ya darasa zima: "Shikamoo, mama." Kwetu hatuna mazoea hayo. Yeye akajibu, "Nzuri." Darasa likacheka. Binti aliyekaa karibu naye akamwambia polepole, "Mama, sema marahaba." Tangu siku ile alipata walimu wa Kiswahili thelathini, na wao wakampata mama wa darasa.

Lakini anasema pia kwamba mwezi wa kwanza alilia usiku. Masomo yalifundishwa kwa Kiingereza, na vijana waliandika haraka. Alikuwa haoni vizuri ubaoni akadhani ni ujinga, kumbe ni macho. Miwani ilipopatikana nusu ya ujinga uliondoka. Kwa hiyo tunashauri: pima macho kabla ya kuondoka. Kaa mbele. Uliza usipoelewa, maana umelipa ili uulize. Jifunze kwa vijana kutumia kompyuta, nawe wafundishe mambo ya kazi. Somo la mishahara na mapatano lilipofika, yule mama ndiye aliyelieleza, kwa kuwa wengine walilisoma kitabuni na yeye alikuwa amekaa nalo mezani na mwajiri.

Tena usijifiche na shida. Mtoto akiugua nyumbani mwambie mwalimu. Vyuo huweza kumruhusu mwanafunzi kuahirisha mtihani kwa sababu ya haki akiomba mapema kwa barua. Anayetoweka kimya huhesabiwa ameshindwa.

Mama huyu aliondoka na barua yenye mambo yale matano. Tawi lilikuwa limejifunza kutokana na yaliyompata fundi wa mashine. Watoto wake walibaki katika nyumba ya kambi, shangazi yao akawaangalia, na aliporudi alikuta mizani yake ikimngoja na miaka yake yote jaladani.

UKIRUDI

Cheti kilichopatikana nchi ya nje kipelekwe kutambuliwa. Kwa vyeti vya elimu ya juu Uganda, ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Halafu nakala ipelekwe kwa mwajiri pamoja na barua ya kuomba daraja linalolingana. Usingoje uitwe.

Na tawi nalo lina deni lake. Aliyesoma akirudi apewe nafasi ya kufundisha wenzake, jioni moja kwa juma inatosha. Tusimwonee wivu tukasema amekuwa mkubwa. Naye asijione mkubwa akasahau aliochangiwa nauli na wao. Yule fundi wa mashine, pamoja na yote yaliyompata, leo anafundisha vijana sita wa kiwanda kusoma michoro ya mashine. Miaka yake 17 bado tunaidai, na kila tunapokaa mezani kwa mapatano mapya tunaitaja.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, tunaomba mambo matatu. Wajumbe wa matawi, kifungu cha likizo ya masomo kiwekwe katika madai ya mapatano yajayo. Vyama vyetu vya Uganda viendelee kuitaka Serikali iuridhie Mkataba Na. 140 kama walivyofanya majirani zetu. Na wewe unayengoja mkutano uishe ili uulize kwa siri, safari hii simama uulize mbele ya wote. Huenda aliyekaa nyuma yako analo swali hilo hilo.

Elimu haina mwisho. Lakini safari ya kwenda kuitafuta ianzie tawini, na ianze kwa barua.